Mgonjwa wa Kisukari na Bonge la Ugali

NDUGU msomaji, katika nyumba nyingi za mijini mgonjwa wa kisukari hutambulikana kwa kikombe chake cha chai. Wenzake wanapochota vijiko viwili vitatu vya sukari, yeye hunywa chai isiyotiwa kitu, na jamaa zake humsifu kwa kujizuia. Lakini jioni mtu yule yule huandaliwa sahani iliyojaa ugali hadi pembeni, kwa kuwa ni baba wa nyumba, na heshima ya baba aghalabu hupimwa kwa ukubwa wa bonge aliloandaliwa. Faida yote aliyoipata asubuhi hupotea hapo.

Jambo hili halifanywi kwa ukaidi. Hufanywa kwa sababu jina la ugonjwa wenyewe hupotosha. Tukisikia neno kisukari twafikiri juu ya sukari, soda na peremende, wala hatufikiri juu ya unga. Ilhali wanga si kitu kingine ila sukari iliyofungwa pamoja kama shanga katika uzi mrefu. Tunapotafuna, mate huanza kuukata uzi huo, na utumbo mwembamba humalizia kazi. Shanga zikishaachana huitwa glukosi, nazo huingia katika damu.

Kwa mtu mwenye afya, tezi iitwayo kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia glukosi milango ya chembechembe za mwili. Kwa mwenye kisukari insulini haitoshi, au ipo lakini milango haifunguki vizuri. Basi sukari hubaki ikizunguka katika damu, na ikizidi kwa miaka mingi huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Hebu tupige hesabu. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, yaani sehemu moja ya kumi ya kilo, mna wanga wa gramu zipatazo 75. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu kama 4. Hivyo ugali uliosongwa kwa unga huo huipa damu kazi inayozidi ile ya vijiko 15 vya sukari. Aliyekataa vijiko viwili katika chai amefanya vyema, lakini ameacha sehemu ndogo ya mzigo na kuibeba ile kubwa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuacha sembe na kula dona. Ushauri huo ni mwema, lakini ni nusu ya ukweli. Dona limebaki na pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo lina makapi mengi zaidi, na makapi hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Daktari Hugh Trowell, Mwingereza aliyeanza kazi ya uganga Afrika Mashariki mwaka 1929 na kuifanya kwa miaka mingi Kenya na Uganda, alichapisha mwaka 1975 hoja kwamba ulaji wa wanga uliondolewa makapi ni chanzo kimojawapo cha kisukari. Hata hivyo, dona lina wanga mwingi karibu sawa na sembe. Mgonjwa anayekula dona bila kipimo kwa kuamini kuwa ni dawa hujidanganya. Ndivyo ilivyo pia kwa ulezi, mtama na muhogo.

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake mjini Toronto walichapisha orodha iliyovipanga vyakula kwa jinsi vinavyoipandisha sukari ya damu. Jamii ya kunde ilikuwa miongoni mwa vyakula vilivyoipandisha kidogo. Hapa sisi tuna bahati, maana maharage, choroko, mbaazi na kunde ni vyakula vya jikoni mwetu tangu zamani. Mwenye kisukari anayepunguza ugali na kuongeza maharage hahitaji chakula cha kigeni wala cha anasa.

Kipimo kilicho rahisi ni sahani yenyewe. Nusu yake iwe mchicha, matembele, kisamvu, kabichi au mboga nyingine za namna hiyo. Robo iwe maharage, samaki, dagaa, yai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, na ugali wake kwa watu wengi usizidi ngumi ya mlaji. Tuangalie pia jambo linalotupita mara nyingi: viazi vilivyomo katika mchuzi wa wali si mboga. Navyo ni wanga, na havina budi kuhesabiwa katika robo ile ile, pamoja na chapati au ndizi za kupika zilizowekwa kando.

Penye desturi ya kula katika sinia moja kipimo hicho ni kigumu, kwa kuwa hakuna ajuaye amekula matonge mangapi. Si lazima mgonjwa atengwe na wenzake. Yatosha apakuliwe sehemu yake kwanza, kisha aketi nao kula na kuzungumza.

Ndugu msomaji, iko hatari nyingine upande wa pili. Wapo wagonjwa wanaoogopa wanga kiasi cha kuuacha kabisa, au kushinda bila kula, huku wakiendelea kuchoma insulini au kumeza vidonge vinavyoishusha sukari. Mtu kama huyo huweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuchanganyikiwa na hata kuzirai. Sukari imeshuka mno. Kama angali na fahamu, apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, na akipata nafuu ale chakula. Akizirai asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa sababu hiyo asipunguze mtu chakula kwa kiasi kikubwa kabla ya kuzungumza na mganga wake juu ya dawa.

Na mfanyakazi anayeshinda kwa chai na andazi moja, kisha akala usiku kwa njaa ya siku nzima, ajaribu kuugawa wanga wake katika milo mitatu kwa saa zinazojulikana. Mwenye kipimo cha nyumbani apime kabla ya kula na saa mbili baadaye. Kwa watu wazima wengi waganga hulenga kati ya 4 na 7 kabla ya chakula, na chini ya 10 baada yake. Namba hizo zitamfundisha juu ya sahani yake mwenyewe kuliko maneno ya jirani.

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiofika 1 katika kila 100. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanywa kwa njia moja wala mahali pamoja, lakini zatuonya kwamba ugonjwa huu si wa jirani peke yake.

Kwa hiyo mpishi wa nyumba asihangaike na chungu cha pekee cha mgonjwa. Sahani iliyoelezwa hapa yawafaa baba, mama na watoto pia, isipokuwa mtoto anayekua ataongezewa kwa kadiri ya njaa yake. Na heshima ya baba? Tuipime kwa miaka atakayoishi nasi akiwa na macho yanayoona na miguu inayotembea, si kwa ukubwa wa bonge.