Swali Halifungwi Gerezani



Mwezi huu tuzungumze juu ya neema ambayo sisi tuishio ughaibuni aghalabu huipata bila ya jasho, na kwa hivyo hatuipimi thamani yake: kitabu kisichozuiliwa. Maktaba ya mtaa i wazi, na mtoto huingia akatoka na kitabu akitakacho. Makwetu, karatasi chache tu ziliwahi kumtia mtu kifungoni.

Mwezi wa Novemba 1968, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" Humo alikilaumu chama tawala cha KANU kwa kuwakandamiza wapinzani wake wa chama cha KPU. Kwa waraka huo alihukumiwa, akakaa gerezani miaka 3, hadi 1972.

Itazameni anwani ya waraka ule. Si amri wala si tusi, ni swali. Na swali lile lilijibiwa na historia. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku. Mwaka 1982 katiba ya Kenya ikatamka kuwa nchi ni ya chama kimoja. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu hicho kikafutwa, baada ya nchi nzima kuuliza lile aliloliuliza kijana mmoja miaka 23 nyuma.

Hasara, basi, haikuwa ya mfungwa peke yake. Ilikuwa pia ya yule asiyeruhusiwa kuusoma waraka. Aliyeukubali bila ya kuuona na aliyeukataa bila ya kuuona walikuwa sawasawa: hakuna kati yao aliyekuwa na rai, wote walikuwa na uvumi. Akili ni kama mizani, na mizani isiyowekewa kitu haipimi. Hiyo ndiyo dhara kubwa ya kuzuia maandishi: huwanyima watu mazoezi ya kupima.

Wala kuzuia hakukufanikiwa. Humo gerezani kijana yule alitunga mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa kwa siri. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki", na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Yeye mwenyewe akawa mhamiaji kama sisi: Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig, Ujerumani.

Tusidhani kwamba uhuru huu tumeuokota Ulaya. Wanahistoria wetu wanasimulia kuwa Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alitaka kuwalazimisha Waislamu wote waifuate "Muwatta" ya Imam Malik na kuacha kila kitabu kinginecho. Nani asingefurahi kupewa heshima hiyo? Imam Malik aliikataa. Alieleza kuwa masahaba walitawanyika katika miji mingi, na kila watu wana elimu iliyowafikia. Mwenye kitabu ndiye aliyekataa kitabu chake kiwafunge wengine midomo.

Sasa tuingie majumbani mwetu. Tunazilaumu serikali, ilhali mtoto akiuliza "kwa nini?" humjibu, "Nyamaza, ndivyo tulivyokuta." Waama, kumhifadhi mtoto mdogo na yaliyo machafu ni wajibu wa mzazi. Lakini mlinzi humweleza anayemlinda sababu ya mlango kufungwa, na siku ikifika humkabidhi ufunguo. Mfungaji hana maelezo wala siku.

Mtoto aliyenyamazishwa nyumbani hanyamazi. Huenda kuuliza kwengine, siku hizi katika intaneti, kwa watu wasiomjua wala kumtakia heri; naye huko humeza kila kitu, maana hakuwahi kufundishwa kutafuna. Afadhali akisome kitabu kile kile tukikaa naye, tumwulize: Nani ameandika? Ana ushahidi gani? Asiyekubaliana naye angesema nini? Na likitushinda swali lake, tumwambie, "Sijui, twende tukatafute." Jibu hilo halimshushi mzazi hadhi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuliogopa swali.

Wabillahi tawfiq.