Wajina anapokuponza: Jina moja mtandaoni laweza kumnyima kijana kazi

KIJANA wa Nairobi anayetuma maombi ya kazi mwezi baada ya mwezi bila kupata jibu huwa na orodha yake ya washukiwa. Hulaumu uhaba wa nafasi, ukabila, hongo na kukosa mtu wa kumshika mkono katika afisi za wakubwa. Lawama hizo zina msingi. Hata hivyo, kuna kizingiti kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni wajina wake.

Wajina ni mtu unayeshiriki naye jina. Zamani, kukutana na wajina kulikuwa jambo la kuleta kicheko na utani. Katika enzi hii ya intaneti, wajina usiyemjua, usiyewahi kumwona, aweza kukufungia mlango wa riziki bila yeye mwenyewe kujua.

Hali huwa hivi. Afisa wa uajiri ameketi Westlands au Upper Hill, mbele yake kukiwa na wasifu wa mamia ya waombaji. Kabla ya kuamua atakayeitwa kuhojiwa, anaandika jina la mwombaji kwenye mtambo wa kutafuta habari. Linalotokea juu ndilo analosoma. Likiwa ni habari ya mshtakiwa wa wizi katika mahakama ya Milimani, au video ya mtu akiwatukana abiria wenzake ndani ya matatu, wasifu huo huwekwa kando. Hakuna simu inayopigwa kuuliza kama huyu ndiye yule.

Mwombaji hajui lolote. Tangazo la kazi lilimwambia mapema kwamba watakaoteuliwa pekee ndio watakaojulishwa. Anarudi Kangemi au Kawangware akidhani alama zake ndizo zilizopungua.

Ili kufahamu ukubwa wa jambo hili, ni vyema tutazame jinsi tunavyopeana majina. Miongoni mwa Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata nyanya zao kwa utaratibu uo huo. Waluo humwita mtoto kwa wakati aliozaliwa: Otieno usiku, Okoth wakati wa mvua, Akinyi asubuhi. Wabukusu wana Wafula wa msimu wa mvua na Wekesa wa msimu wa mavuno.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Wakikuyu walikuwa zaidi ya milioni 8, Waluhya milioni 6.8 na Waluo milioni 5. Watu wengi kiasi hicho wakigawana akiba ndogo ya majina ya ukoo na misimu, kisha wakaongeza John, Peter, Mary au Grace ya ubatizo, haiwezekani wasigongane. Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki wanafahamu vyema vilevile jinsi akina Ali, Hassan na Fatuma walivyo wengi.

Kijijini mgongano huo haukuwa na madhara. Kulikuwa na Wafula fundi, Wafula wa ng'ambo ya mto, na Wafula mwana wa fulani. Majirani walijua ni yupi aliyeiba kuku na ni yupi mzee wa kanisa. Nairobi, iliyokuwa na wakazi milioni 4.4 katika sensa hiyo, haina majirani wa aina hiyo, na mtambo wa kutafuta habari haujui ng'ambo ya mto ni wapi.

Kwa wengine, kurithi jina ni fahari. Mwanamuziki maarufu Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, ana mjukuu ambaye pia ni mwanamuziki na mwenye jina lilo hilo. Mjukuu huyo anafahamika kimataifa kama KMRU, kwa hivyo msikilizaji hawezi kuwachanganya. Msanii anayo nafasi ya kujichagulia jina la jukwaani. Karani anayetafuta kazi ya uhasibu hana, kwa sababu vyeti vyake vya shule na kitambulisho vina jina alilopewa na wazazi.

La kushangaza ni kwamba serikali iling'amua zamani kuwa jina peke yake halitoshi kumtambua mtu. Ndiyo maana kila Mkenya mzima ana nambari ya kitambulisho. Ndiyo maana vilevile anayetaka cheti cha maadili mema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) hatakiwi tu kuandika jina lake. Hupakwa wino na kuchukuliwa alama za vidole, kwa vile vidole havina wajina.

Basi tazama kinaya hiki. Kijana huyo hupiga foleni katika kituo cha Huduma kilichoko Posta Kuu, barabara ya Kenyatta. Akimaliza huenda kutafuta barua za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), Mamlaka ya Ushuru (KRA) na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC). Anatumia nauli na siku nzima nzima. Dola linamtangaza kuwa mtu safi kwa ushahidi wa vidole vyake kumi. Kisha mwajiri anamhukumu kwa ushahidi wa maneno mawili aliyoyaandika kwenye kompyuta, na cheti kinabaki ndani ya bahasha.

Isidhaniwe kwamba ni makarani wavivu pekee wanaoteleza. Juni 2016, Sudan iliikabidhi Italia kijana kutoka Eritrea aliyetangazwa kuwa kinara wa usafirishaji haramu wa wahamiaji, aliyebandikwa lakabu ya Jenerali. Wapelelezi wa Uingereza walikuwa wameshiriki katika msako huo. Kumbe mshukiwa na kijana yule walishiriki jina la kwanza tu, Medhanie. Ilichukua hadi Julai 2019 kwa mahakama ya Palermo kuamua kwamba hakuwa yule aliyesakwa na kuamuru aachiliwe. Ikiwa majasusi wa mataifa mawili ya Ulaya walikosea kwa miaka mitatu, afisa mmoja mwenye dakika mbili kwa kila wasifu atakosea mara ngapi?

Sisi wa magazeti tunalifahamu tatizo hili tangu kabla ya kompyuta. Kuna kesi ya Uingereza ambayo wahariri hufundishwa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1939. Gazeti la Daily Express liliripoti kwamba Harold Newstead wa Camberwell, London, mwenye umri wa miaka 30, amefungwa kwa kuoa mke wa pili ilhali ndoa ya kwanza ingalipo. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba Camberwell ilikuwa na Harold Newstead mwingine, kinyozi, wa umri unaokaribia huo, naye akashtaki.

Majaji walisema kwamba ukweli kumhusu mmoja si kinga dhidi ya malalamishi ya mwingine, ikiwa wasomaji wenye busara wangedhani ni yeye aliyetajwa. Fidia aliyopewa ilikuwa robo peni, pesa isiyotosha kununua chochote. Lakini funzo lilibaki katika vyumba vya habari: mshtakiwa hutajwa kwa majina yake yote, umri, kazi na mtaa anakoishi, ili lawama isimwangukie jirani.

Intaneti imeuvunja ukuta huo. Gazeti laweza kuandika umri, kazi na mtaa katika aya ya pili, lakini kinachoonekana kwenye kioo cha simu ni kichwa cha habari na mistari miwili. Hali kadhalika, hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure mtandaoni, jambo jema kwa haki na uwazi. Hata hivyo, kichwa cha kesi husema tu 'Jamhuri dhidi ya' fulani. Asiyefungua ukurasa hatajua kwamba fulani huyo alikuwa na umri wa miaka 60, kwamba aliishi Turkana, au kwamba aliachiliwa huru.

Programu mpya za akili unde zinazidi kuchafua maji. Agosti 2024 ilibainika kwamba programu ya Copilot ya kampuni ya Microsoft ilikuwa ikimweleza Martin Bernklau, mwanahabari wa Ujerumani, kama mtenda makosa ambayo yeye alikuwa ameyaripoti tu kutoka mahakamani. Mashine iliona jina lake karibu na maneno ya jinai, ikaunganisha. Mwajiri anayeitegemea programu ya namna hiyo kuwachuja waombaji amekabidhi ufunguo wa afisi kwa kitu kisichojua tofauti ya mwandishi na mwizi.

Sheria inasemaje? Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza, Bi Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Afisi yake imeonyesha kwamba ina meno. Septemba 2023 iliitoza klabu ya Casa Vera, katika barabara ya Ngong, faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma iliyoko Uthiru ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Faini hizo zilikuwa rahisi kueleweka, kwani picha ni ya mtu na imetumiwa bila ruhusa. Mwenye wajina mbaya ana kesi ngumu zaidi. Hawezi kudai habari ifutwe, kwa sababu ni ya kweli na haimhusu. Ile haki ya kusahauliwa iliyotambuliwa na Mahakama ya Haki ya Ulaya Mei 13, 2014, katika kesi ya Mhispania Mario Costeja González dhidi ya Google, ilihusu habari za mlalamishi mwenyewe. Wala Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya mwaka 2018, inayoadhibu wanaojifanya watu wengine, haimsaidii. Wajina hajajifanya mtu mwingine. Jina ni lake pia.

Kwa maoni yangu, mlango uko upande mwingine. Kisicho cha kweli hapa si ukurasa wa mtandaoni bali ni hitimisho lililoingizwa katika faili ya mwajiri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data nayo inamtaka anayehifadhi habari za watu ahakikishe ni sahihi, na inampa mhusika haki ya kuzikagua. Vilevile inampa haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine pekee. Mwombaji aliyekataliwa anaweza basi kumwandikia mwajiri akitaka kuonyeshwa yaliyokusanywa kumhusu. Akipuuzwa, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Kamishna, ambaye hutakiwa kuyaamua katika muda wa siku 90.

Haki hiyo, hata hivyo, haina nguvu kwa mtu asiyejua kwamba alipekuliwa. Hapo ndipo mwanya ulipo, na ndipo Kamishna anapofaa kutoa mwongozo kwa waajiri wote. Mwongozo wenyewe hauhitaji kuwa mrefu. Anayempekua mwombaji mtandaoni amjulishe mapema. Akipata doa, amwulize mwombaji kabla ya kumkataa, na alinganishe umri, makazi na nambari ya kitambulisho.

Waajiri watalalamika kwamba wana haki ya kujihadhari, na hawakosei. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) ilifichua zaidi ya vyeti 2,000 bandia miongoni mwa watumishi wa umma. Lakini vyeti hivyo havikugunduliwa kwa kubahatisha majina. Viligunduliwa kwa kuuliza waliovitoa. Uangalifu wa kweli ni kuuliza mwenye habari, wala hakuna mwenye habari za mwombaji kumshinda mwombaji mwenyewe.

Vijana nao wasikae mikono mitupu. Watumie majina yote matatu yaliyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio ule ule, katika wasifu, barua na kurasa zao za kikazi. Walitafute jina lao wenyewe kabla ya mwajiri kulitafuta. Wakikuta wajina mwenye sifa mbaya, mstari mmoja katika barua ya maombi watosha kueleza kwamba huyo ni mtu mwingine. Kubadilisha jina kisheria na kulitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kunawezekana, lakini kumlazimisha mtu asiye na hatia kuacha jina la babu yake ni kumwadhibu mara ya pili.

Magazeti yana sehemu yao pia. Desturi ya kutaja umri, kazi na mtaa wa mshtakiwa inapaswa kupanda kutoka aya ya pili hadi ile mistari inayoonekana kwanza kwenye simu. Na mshtakiwa anapoachiliwa huru, habari ya kwanza iongezewe hukumu hiyo pale pale ilipo, kwa faida yake na ya wajina wake wote.

Mahakama zetu haziruhusu mtu ahukumiwe bila kusikizwa, hata akiwa ameshikwa na ngozi mkononi. Mtafuta kazi wa Kawangware hajaiba chochote. Anachoomba ni kuulizwa swali moja kabla ya faili yake kufungwa: je, huyu ni wewe?