Padre wa Wajane na Mayatima

Tarehe 31 Oktoba 2020, katika kanisa kuu la Hartford, jimbo la Connecticut huko Marekani, Padre Michael McGivney alitangazwa Mwenye Heri. Msomaji asiyemjua asione haya. Mimi nami nilidhani ni mmoja wa wale mapadre walioandika vitabu vizito. Kumbe alikuwa padre wa parokia tu, aliyefariki mwaka 1890 akiwa na miaka 38.

Alizaliwa mjini Waterbury mwaka 1852, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ireland. Alipotimu miaka 13 alikwisha ajiriwa katika kiwanda cha vijiko. Mwaka 1873 baba yake alifariki, na kijana akalazimika kuacha masomo ya upadre kwa muda ili arudi kwa mama yake na wadogo zake. Kwa maoni yangu, kazi yake yote ilichipuka hapo.

Alipopelekwa New Haven mwaka 1877 aliyakuta mambo yale yale. Waairishi walifanya kazi za hatari kwa ujira mdogo, tena walidharauliwa. Kanisa lao la St. Mary's lilijengwa kwenye barabara ya matajiri, na mwaka 1879 gazeti moja kubwa la New York lililalamika kwamba limeiharibu sura ya barabara hiyo! Baba wa nyumba akifa, mjane hakuwa na pa kushika, na watoto waliweza kutawanywa. Padre huyu hata alikwenda mahakamani akakubali kuwa mlezi wa kijana mmoja aliyefiwa na baba.

Lakini padre mmoja angelea wangapi? Ndipo alipowakusanya wanaume wa parokia katika chumba cha chini cha kanisa, na tarehe 29 Machi 1882 chama cha Knights of Columbus kikaandikishwa kisheria. Wanachama walichanga, na mmoja akifa, mjane wake alipewa fedha. Sisi wazoefu wa michango ya mazishi tutaelewa upesi, ila yeye alifikiria zaidi chakula cha miezi ifuatayo, matanga yakiisha na watu wakienda zao. Na uongozi hakuutaka. Uenyekiti aliwaachia wengine, yeye akawa katibu.

Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni mbili, na bima zake za maisha zimepita dola bilioni 100. Rais Kennedy alikuwa mwanachama. Hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Bima hununuliwa na mwenye uwezo, na wajukuu wa wale Waairishi si maskini tena. Wahamiaji wanaodharauliwa Marekani siku hizi hutoka Guatemala na Honduras, na miongoni mwa wanaotaka wafungiwe mlango wamo wajukuu hao hao. Haki isemwe: chama hugawa makoti ya baridi kwa watoto maskini, na kimewasaidia wakimbizi wa Ukraine tangu mwaka 2022. Hata hivyo, kutoa koti ni jambo moja, na kusimama mahakamani kumdhamini mtoto wa mgeni ni jambo lingine.

McGivney alizikwa Waterbury pamoja na jamaa zake. Mwaka 1982 mabaki yake yalihamishiwa ndani ya kanisa la St. Mary's, kwenye barabara ile ile iliyosemekana kuharibiwa.