Waliojitolea na Waliotumwa



Jumapili iliyopita madrasa ya mtaani petu ilikuwa na shughuli ya wazazi, nasi kina mama tukaandika majina yetu katika karatasi ya kujitolea: wa kupika pilau, wa kupakua masinia, wa kuosha vyombo. Pilau ikaiva, watoto wakasoma kasida, wageni wakatushukuru. Alasiri, tukiwa tumeshavaa mabuibui yetu tuondoke, tulipita uani tukawakuta wasichana watano wameinamia sufuria. Hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake lilikuwamo katika karatasi ile. Ni wafanyakazi wa majumbani mwetu, na sisi ndio tuliowatuma. Hatufichi: wa kwetu naye alikuwamo.

Juma hilo hilo tulikuwa tukiandaa safu hii juu ya mgomo wa Mombasa wa mwaka 1947. Ulianza tarehe 13 Januari, ukadumu takriban siku 12, na walioacha kazi walikuwa wapata 15,000. Wakikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na hapo wakaunda chama chao, ambacho baadaye kiliongozwa na Chege Kibachia mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata mwezi wa Agosti mwaka ule na kumpeleka Baringo.

Mgomo ule hutajwa kuwa ni wa makuli wa bandarini na watu wa reli, na kweli hao ndio waliokuwa nguzo yake. Lakini walikuwamo pia watumishi wa hotelini na wa majumbani. Hilo ndilo lililotushika. Mtumishi wa nyumbani hana wenziwe mia wa kusimama naye langoni. Yuko peke yake jikoni, na bwana wake yuko chumba cha pili. Hata hivyo alitoka. Bila shaka nyumba nyingi asubuhi ile zilikosa hata wa kuteleka chai.

Tukarudi kuwafikiria wale watano. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Kwa wengi wao siku hiyo ni Jumapili, nasi tumeitumia kujipatia thawabu.

Yupo atakayetwambia kwamba msichana wake ni kama mwanawe, anakula anachokula. Huenda. Lakini mwanetu tukimwambia aende akaoshe sufuria za madrasa hununa, akasema ana mtihani, nasi tukamwachia. Msichana wa kazi hasemi kitu. Na sote twajua alivyotuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu ujira wa mfanyakazi na jasho lake, tumelisikia darasani mara nyingi kuliko tulivyolitenda tarehe ya mshahara ilipowadia.

Jumamosi ijayo, inshaallah, tutapika tena, mara hii kwa ajili ya wazee wa mtaa. Karatasi tumeigawa sehemu mbili. Upande mmoja ni wa wanaojitolea, na kila mtu ataandika jina lake kwa mkono wake. Upande wa pili ni wa watakaokodiwa, pamoja na kiasi watakacholipwa siku hiyo hiyo kabla ya Magharibi. Wale watano tumewalipa ya Jumapili, ingawa kwa kuchelewa. Sufuria kubwa tumewaachia wenye majina. Atakayekuja aje na makumbi yake.