Seva mbili, ekstensheni moja

Wadau, leo sina stori ya lekcha wala ya foleni ya kantini. Leo nina hasira, na nimeileta hapa manake getoni hakuna anayetaka kuisikia.

Ipo hivi. Pale geto tuna seva yenye noti na mitihani ya nyuma ya darasa letu. Mbele yake kuna riversi proksi, yani Nginx kwenye Raspberry Pi, inayopokea kila anayebisha hodi na kumpeleka panapohusika. Mwenzangu akasema hiyo moja ikifa tumekwisha, tuweke ya pili. Nikamuunga mkono. Tukafunga keepalived kwenye zote mbili, zikagawana namba moja ya IP, ruta ikaelekezwa hapo. Mkubwa anatangaza uhai wake kila sekunde 1. Akinyamaza, mdogo wetu mwenye kipaumbele 100 anasubiri kama sekunde 3.6, kisha anaichukua namba. Tukachomoa waya wa mtandao wa mkubwa, kurasa zikaendelea kufunguka. Tukatamba wiki nzima!

Usiku wa kuamkia testi, jamaa wa chumba cha pili akachomeka pasi. Ekstensheni ikaungua. Kwenye ekstensheni hiyohiyo: Pi zote mbili, seva, na ruta. Kimya. Kuna dada darasani hana laptopu, anasoma kwa simu kupitia kwetu. Akaingia kwenye testi hajamaliza mada mbili. Sisi ndio tuliomwambia "usihofu, haizimiki".

Sasa mwenzangu anasema eti tununue Pi ya tatu. Jamani!

Mimi nasema tunajidanganya. VRRP, kanuni inayotumiwa na keepalived, iliandikwa mwaka 1998 kwa ajili ya maruta. Yenyewe inajua nani anaongea na nani kanyamaza, basi. Nginx ikifa huku Pi inapumua, mkubwa ataendelea kutangaza "nipo, nipo" na watu wanagonga ukuta. Lazima umwandikie skripti ya kuikagua Nginx yenyewe, na sisi hatukuandika. Cheti cha HTTPS nacho, ukikihuisha kwa mkubwa ukamsahau mdogo, siku ya kurithi anawapa watu cheti kilichokwisha muda. Na hata vyote vikae sawa, nyuma yao seva ni ileile moja, diski ileile moja. Nyumba ya milango miwili ikiungua, imeungua.

Sisemi keepalived ni mbaya. Nikitaka kuboresha programu ya Pi moja mchana kweupe, nahamishia namba kwa nyingine na karibu hakuna anayeshtuka. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaiweza. Ila kuita hiyo "haizimiki" ni uongo, na uongo wa fundi unalipwa na mtu mwingine.

Hela ya Pi ya tatu inunue UPS ndogo ya ruta na seva. Noti zote zinakiliwe kwenye flashi, kila kundi la kusomea ipate yake. Haina sifa, najua. Huwezi kuipiga picha ukamtambia mtu.

Na wewe unayejenga yako, usijipime kwa kuchomoa waya unaojua hautakuumiza. Chomoa plagi ya ukutani. Halafu ndio uje utambe.

Nawasilisha.