Vazi la Komunyo ya Kwanza: Mtoto Naye Aulizwe



Kila mwaka, majuma machache kabla ya Komunyo ya kwanza, nyumba nyingi za Bunia huingiwa na shughuli ileile. Mama anaulizia bei ya kitambaa cheupe sokoni, baba anahesabu fedha zilizobaki, shangazi anapendekeza mshono, na mama wa ubatizo anaahidi viatu. Kila mmoja ana neno lake. Asiyeulizwa ni mtoto mwenyewe, ambaye sikukuu ni yake. Huitwa siku ya kupimwa kwa fundi, hunyosha mikono, kisha huambiwa aende kucheza.

Rai yangu ni kwamba aulizwe.

Tarehe 8 Agosti 1910, kwa hati iitwayo Quam singulari, Papa Pio wa 10 aliwafungulia watoto meza ya Bwana tangu umri wa kutambua, yaani karibu na miaka saba. Kabla ya hapo, mahali pengi walingojeshwa hata kufikia miaka kumi na miwili au zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo humhesabu mtoto aliyetimiza miaka saba kuwa na matumizi ya akili. Kanisa, basi, linamwamini mtoto huyo apambanue kati ya mkate wa kawaida na Mwili wa Kristo, tena aungame dhambi zake kwa kinywa chake, bila mama kumsemea. Anayeaminiwa katika mambo mazito hivyo, je, hawezi kuaminiwa kuchagua kati ya mikono mirefu na mifupi?

Watu wazima wa nchi hii tunajua maana ya kuvalishwa na mwingine. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliwakataza wanaume suti na tai, ikawaelekeza kwenye abakosti. Tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, Mobutu aliruhusu tai zivaliwe tena. Tai ni kipande cha kitambaa tu, lakini watu waliifurahia, kwa kuwa ilikuwa ishara ya kurudishiwa uamuzi juu ya miili yao. Mtoto naye ana mwili wake, na ana haya yake.

Wengine watasema: mtoto akiachiwa atachagua lililo ghali, au lisilo na heshima. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kumwuliza mtoto si kumwachia kila kitu. Mzazi ndiye ajengaye ua. Mtoto huchagua ndani ya ua huo. Aambiwe wazi: fedha yetu ni kiasi hiki; vazi liwe jeupe na la adabu, kama parokia ilivyoagiza; sasa tazama vitambaa hivi vitatu. Akipenda kile cha bei ya juu, aelezwe kwamba viatu vitabaki vile vya zamani. Hapo atajifunza kwamba kuchagua kimoja ni kuacha kingine. Asiyejifunza hayo kwa kitambaa, atajifunza siku moja kwa jambo kubwa, tena kwa hasara. Na parokia ikiwa imeamuru kanzu za namna moja, bado ziko sikukuu nyingine: Noeli, Pasaka, harusi ya ndugu, ambapo kitenge ni cha familia nzima lakini mshono waweza kuwa wa mtoto.

Tujichunguze pia: tunapomchagulia, tunamvika nani? Yakobo alimpa Yosefu kanzu nzuri kuliko za ndugu zake, na kanzu ile ikachochea wivu uliomfikisha Misri utumwani. Kuna magauni yanayoshonwa ili majirani waone, yakalipiwa kwa deni litakaloila nyumba miezi kadhaa. Mtoto anayeulizwa mara nyingi hatamani kumpita mwenzake. Anatamani tu asichekwe.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mji wetu, wenye kambi za waliokimbia vita, kama ile ya Kigonze. Watoto wa kambini huvaa wanachopewa, nao husifiwa kwa kushukuru. Lakini maskini naye ana macho na ana anachokipenda. Vyama vyetu vikigawa nguo kabla ya sikukuu, visimtupie mtoto furushi lililofungwa. Nguo zifuliwe, zipigwe pasi, zipangwe juu ya meza, naye apite achague moja, hata kama zilizopo ni mbili tu. Hakutaongeza gharama, ila saa moja ya subira. Na mtoto yeyote asicheleweshwe kupokea Ekaristi kwa kukosa vazi jeupe. Hilo ni deni letu sisi wakubwa, wala si lake.