Msizipige saruji kuta za Mji Mkongwe

Masika yanakaribia, na kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zinapigwa lipu ya saruji. Pita Hurumzi, Kiponda, Sokomuhogo mpaka Mkunazini, njia zile zile wanazotembezwa wageni, utaona kuta zilizolainishwa zikang'aa. Zinapendeza. Ndizo za kuogopwa.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa mvua, kisha jua likiwaka ukaitoa taratibu. Ukiufunika kwa saruji, maji yanaendelea kuingia, juu kwenye paa linalovuja, chini ardhini, na katika kila ufa, lakini hayana pa kutokea. Udongo wa ndani unalainika. Ncha za boriti, zilizofichika ukutani, zinaoza. Mwenye nyumba anatazama lipu safi huku sakafu ya juu inakosa pa kushikilia.

Tena nyumba zenyewe zimeegemeana. Nyingi zina ukuta mmoja baina ya majirani wawili, na unyevu uliouziba kwako utatafuta njia kwa mwenzio.

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, tena likiwa kwenye matengenezo. Watu wawili walikufa. Sisemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema jumba maarufu kuliko yote, katika mji ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, lilianguka mbele ya macho yetu. Nyumba ya ghorofa mbili uchochoroni Kajificheni nani anaikagua?

Kwa hiyo, wenye nyumba, simamisheni lipu hiyo leo. Zibeni paa na safisheni mifereji kwanza, maana hapo ndipo maji mengi yanapoanzia. Saruji iliyokwisha kushika msiibandue kwa pupa, hung'oka na mawe yake. Mwiteni fundi anayeijua chokaa, na muende Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa chochote. Rangi ya mafuta nayo ni saruji nyingine tu, huuziba ukuta vilevile. (Ndiyo, chokaa inachelewa kukauka na inataka kurudiwa. Kujenga upya kunachelewa zaidi.)

Waongoza watalii, msiwasimamishe wageni chini ya roshani iliyoinama ili mhadithie. Hadithieni mbele kidogo.

Gongeni kuta. Lipu inayolia kama debe tupu imeachana na jiwe. Chumvi nyeupe, vumbi la mbao chini ya boriti, mche uliootea ukutani: hayo yote mwambieni sheha wiki hii. Na ufa uliokuwa ukipitisha kucha ukianza kupitisha kidole, tokeni na watoto kwanza. Vyombo vitafuatwa baadaye.